Miezi Usiitaje

Ifakara, 3 Machi 1957

Mwanangu Balbina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, isipokuwa huu mguu wa kulia unaojua mvua kabla mvua yenyewe haijajijua. Wewe je? Unalala? Unakula? Miguu imevimba? Usinijibu "sijambo" kama unavyomjibu mtu wa njiani. Nieleze mguu mmoja mmoja.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpelekea mtu. Madarasa manne ya misheni hayakupotea bure, na masista walisema hati yangu ni nzuri kuliko ya wavulana wote. Kwa hiyo Hilari amekukatia tikiti ya ndege! Nilisoma hapo mara tatu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda juu kuliko dungu la kulindia mpunga. Nimemwambia Mama Wendelin, kwa sauti ya kawaida tu, yeye akiwa ng'ambo ya barabara na mimi huku. Akasema, "Ndege? Kwani lori limekuwa chungu?" Nikamwambia lori liko Kilosa, limezama tope mpaka milangoni, wanaopanda malori wanalisukuma, wanangu wanaruka. Akaingia ndani.

Lakini yeye ndiye ninayemwogopa. Ana jicho, na kila mara anauliza, "Binti yako atajifungua lini?" Ya nini kuuliza? Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, maana mimi nilifundishwa na mama yangu na sasa nakufundisha wewe. Miezi yako usimtajie mtu. Anayeijua miezi ya mwanamke anajua siku ya kumngojea kwa ubaya. Mgeni akikuuliza, mpunguzie. Akiuliza tena, mpe hesabu nyingine. Nilipokuwa na wewe nilimdanganya hata mkunga, ndiyo maana uko hai. Hata hapa mimi siiandiki, maana barua zina macho njiani.

Na huyo Hilari. Sisemi neno. Ila mtu aliyenunua tikiti upesi hivyo, bila kuombwa na wakwe, mimi namtazama. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Wewe ulizaliwa Mahenge, ukapokewa na mikono ya mama yangu. Sasa ni zamu ya mikono yangu. Nisipompokea huyu, nitakuwa nimekuja duniani kufanya nini? Hilari anajua hivyo? Au anataka ajisifu kwa wenzake kwamba mke wake alizalia hospitali kubwa ya Dar es Salaam?

Jumanne ya tarehe kumi na mbili nitakuwa uwanjani na akina mama wote wa kigango. Nimeshona gauni.

Ni mimi mama yako mzazi,
Yosefina


Uwanja wa ndege, Dar es Salaam, 12 Machi 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nimekaa juu ya sanduku langu, na katekista Barnaba wa kwetu, aliyekuja huku kutibiwa macho, ananingojea nimalize akupelekee. Yeye anapanda. Mimi sipandi.

Usishtuke, mimi na mtoto hatujambo, na miguu yote miwili iko sawa. Ni hivi. Tulifika alfajiri. Tukaambiwa tukae barazani mpaka wengine wahudumiwe, tukakaa. Jua likatukuta pale. Nilipoitwa dirishani, karani, dada mmoja wa Kigoa mwenye miwani, akaniambia nipande kwenye mzani, mbele ya watu, kando ya magunia ya barua. Sawa, nikapanda. Ndege ni ndogo, kila kitu kinapimwa. Kisha akauliza, "Mimba ya miezi mingapi?"

Nikakumbuka maneno yako. Nikasema minne.

Akanitazama tumbo. Akatazama karatasi yake. Akasema, "Siku ya kununua tikiti ofisini mjini ulisema mitano." Mama, nilitaka kuingia ndani ya sanduku. Ameniambia nilete barua ya daktari, ndipo nipande Jumanne ijayo. Hilari alimbembeleza, wapi. Barnaba anaitwa. Nisamehe kwa ajili ya akina mama wa kigango.

Mwanao,
Balbina


Ifakara, 12 Machi 1957

Balbina,

Naandika haraka. Rubani yuko misheni anakunywa chai, akimaliza anaruka, na barua hii lazima iruke naye. Salamu utazipata mwishoni kama nafasi itabaki.

Nikwambie tulivyokaa. Akina mama wamevaa, ngoma imewambwa, watu wameswaga mbuzi kutoka uwanjani. Ndege inashuka, vigelegele! Mlango unafunguka. Anashuka Padre mgeni. Tunapiga vigelegele, labda Balbina yuko nyuma yake. Linashuka kreti la vifaranga. Anashuka Barnaba na kitambaa machoni. Mlango unafungwa. Mama Wendelin anauliza, "Ndiyo hao? Hongera, wazuri, wana manyoya." Vifaranga! Mbele ya watu wote!

Sasa nisikilize. Nimemkamata Barnaba nikamuuliza. Ameniambia kwa kinywa chake kwamba alimwona Hilari akicheka na huyo karani wa miwani. Akicheka! Mke wake amekaa juu ya sanduku, yeye anachekea dirishani. Mtu anayekatazwa njia hucheka? Hapo kuna jambo. Mimi naona wamepatana wakucheleweshe mpaka ukae hukohuko. Ndiyo maana alinunua tikiti upesi, aonekane mwema.

Na huyo karani, miezi yako ya nini kwake? Yeye ni mkunga? Ulifanya vizuri kumpunguzia. Barua ya daktari ichukue, lakini daktari naye mtazame.

Rubani huyo anatoka, anafuta mdomo. Salamu.

Mama yako,
Yosefina


Ilala, Dar es Salaam, 20 Machi 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepumzika na mpunga haujasombwa na maji. Mimi nalala kwa upande mmoja, nakula samaki na ndizi, na huyu aliye tumboni anacheza kila ninapokaa kimya.

Jana tumerudi uwanjani, na jana imekuwa mbaya kuliko siku ile. Barua ya daktari ninayo, imepigwa muhuri. Nikampa karani. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema, "Daktari anasema saba. Wiki iliyopita wewe ulisema minne. Mtoto wako anakua haraka sana, dada." Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nikasema daktari amekosea. Mama, nilisema hivyo kwa sababu sikujua niseme nini. Basi akasema kama daktari amekosea, barua haifai, niende ofisi ya mjini wakaamue. Tukapanda basi mpaka mjini. Mjini wakasema mambo ya abiria yanaamuliwa uwanjani, tena na rubani. Tukapanda basi kurudi uwanjani. Rubani alikuwa ameshawasha injini. Niliiona ndege inapita juu ya vichwa vyetu, nikajua wewe uko chini yake upande wa pili, na gauni lako.

Hilari alikuwa anacheka na karani, ni kweli, Barnaba hakusema uongo. Lakini Mama, ni kicheko cha mtu anayeomba. Hata mimi namjua akicheka hivyo mbele ya mkubwa wake wa stoo ya reli. Baada ya hapo alinunua maji, akanipa, mkono unatetemeka.

Tafadhali usimseme kwa watu.

Mwanao,
Balbina


Ifakara, 26 Machi 1957

Mwanangu Balbina,

Tumsifu Yesu Kristo, na asifiwe zaidi leo kwa sababu sikumpiga mtu. Ndege imeleta barua yako, imeleta na cherehani ya Mhindi wa dukani. Wewe hukushuka. Barua zako zinapanda ndege kila wiki, wala haziulizwi zina miezi mingapi.

Mama Wendelin sasa anawaambia watu kisimani kwamba labda hata hiyo mimba haipo. Nikamfuata. Nikamwambia, "Sema hapa nisikie." Akasema, "Mimi nimeuliza tu, Mama Balbina, maana wewe hutwambii kitu. Leo anakuja, kesho haji. Tutajuaje?" Umeona ujanja huo? Anataka nimtajie. Sikumtajia. Nikajaza ndoo yangu nikaondoka na kichwa juu, maji yakinimwagikia shingoni.

Habari ya mkono wa Hilari kutetemeka nimeisoma. Mkono wa mtu hutetemeka kwa mambo mengi. Mwizi naye hutetemeka. Sisemi ni mwizi.

Sasa fanya hivi. Yule karani ana minne, ana mitano, ana saba ya daktari. Mpe sita. Ni katikati, kila mmoja ataridhika. Sema kwa sauti ya kujiamini kama mtoto wangu, uso mbele. Mimi hapa natengeneza chumba. Kitanda nimekipandisha kwenye matofali ili usipate shida ya kuinama. Kuna samaki, kitoga wa kukaushwa ukubwa wa mkono wangu, nimemtundika juu ya moshi, paka wanamwimbia. Godoro nimejaza upya. Mikono yangu nimeanza kuipaka mafuta kila siku iwe laini, jirani wanafikiri natafuta mume.

Njoo, Balbina. Njoo tu.

Mama yako mzazi,
Yosefina


Ilala, 10 Aprili 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Najua tarehe mbili ya mwezi huu ulikwenda uwanjani bure, maana mvua ilizuia ndege na sisi tulirudishwa tukiwa tumeshapimwa. Pole. Nimekaa siku nzima nikitafuta namna ya kuandika barua hii, Hilari ameniwekea taa na kwenda kukaa nje.

Jana nilikwenda tena. Karani aliponiona hakuuliza jina. Akauliza tu, "Leo mingapi?"

Ilikuwa kwenye ulimi wangu, Mama. Sita. Nilikuwa nimeikariri njia nzima. Halafu mtoto akageuka tumboni, akanipiga kwa nguvu nikashika dirisha, na yule dada akainuka akanishika mkono. Nikasema, "Saba imekwisha. Nimeingia wa nane. Barua ya daktari ilikuwa kweli, mimi ndiye niliyesema uongo."

Akakaa. Kisha akaniambia polepole, wala si kwa kunidhihaki, "Wewe dada. Mpaka mwisho wa mwezi wa saba tunachukua. Ukishaingia wa nane hatuchukui, rubani anaogopa ile milima, ndege inarushwa sana pale. Siku ya kwanza ungenieleza hivi, mwezi huu ungekuwa kwa mama yako. Mimi niliona kila siku unasema lingine, nikafikiri unaficha ugonjwa."

Mama, si Hilari. Si daktari. Si karani, wala Mama Wendelin. Ni sisi wawili. Wewe ulinipa maneno, mimi nikayasema.

Barabara haitafunguka kabla ya siku zangu. Nitajifungulia hapa hospitali. Nimelia, nimemaliza. Nataka ujue kwamba ninaogopa, na kwamba ningetaka mikono yako kuliko ya daktari yeyote. Niandikie, hata kunigombeza.

Mwanao,
Balbina


Ilala, 24 Aprili 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Heri ya Pasaka, ingawa imeshapita. Ndege imekuja mara mbili bila barua yako. Hilari alikwenda uwanjani mwenyewe kuuliza kwenye mfuko wa Ifakara. Unaumwa? Umekasirika? Ukiwa umekasirika niandikie "nimekasirika", inatosha.

Mwanao


Ilala, 29 Aprili 1957

Mama,

Shikamoo. Mpaka leo hakuna barua yako. Nimevimba miguu yote miwili, wa kushoto zaidi. Nakwambia kwa sababu uliniambia nisiseme sijambo.

Balbina


Uwanja wa ndege, Dar es Salaam, 7 Mei 1957

Balbina mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Usianguke unaposoma hapo juu palipoandikwa mahali. Ndiyo. Ni hapo. Barua niliyokuandikia kukuarifu kwamba nakuja imesafiri na mimi katika ndege moja, iko kwenye mfuko wanaoufungua sasa hivi mbele yangu, kwa hiyo hakuna aliyekuja kunipokea, nami nimeandika nyingine. Nimempa huyu mzee mchukuzi anayesema anaijua Ilala yote. Simwamini sana, aliutazama mzigo wangu kwa upendo. Barua ikikufikia imefunguliwa, ujue ni yeye.

Uliponiandikia lile neno, kwamba ni sisi wawili, niliikunja barua nikaitia chini ya godoro. Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Nilitwanga mpunga mpaka mchi ukapasuka. Nilikuwa natafuta mtu wa kumshika, Balbina, na kila niliyemshika aliteleza. Zile barua zako mbili fupi nilizisoma nimesimama. Ile ya miguu sikuimaliza nikaanza kufungasha. Nauli usiniulize. Mpunga wa mwaka huu umekubali, na mbuzi wale wawili uliowaacha hawapo tena.

Leo asubuhi nikafika uwanjani kwetu. Karani wa kule ni mtu mwenye mzani wa kupimia pamba, chini ya kibanda cha nyasi. Kiti kimebaki kimoja, na tuko wawili: mimi na mfanyabiashara mmoja wa Malinyi na mabegi yake, ameshakalia mzani. Karani akaniuliza, "Mama, unakwenda kufanya nini?" Watu wote wamejaa pale, na Mama Wendelin mbele kabisa, shingo ndefu kama kawaida yake.

Nikasema, "Matembezi."

Akasema, "Matembezi yanaweza kungoja Jumanne ijayo. Huyu ana kazi." Akaanza kumwandika yule wa Malinyi.

Balbina, nilisikia ulimi wangu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilimwona mama yangu. Nilikuona wewe juu ya sanduku. Nikasema. Nikasema kwa sauti hata rubani akageuka: "Mwanangu yuko mwezi wa tisa! Wa tisa, na ni mtoto wa kwanza, na miguu imevimba, na hana mama pale! Haya, mmesikia, hesabuni wote!"

Nikangoja ardhi ipasuke.

Mama Wendelin akatoka mbele. Akamshika yule mfanyabiashara mkono, akamwinua kwenye mzani kama anavyoinua gunia. "Wewe baba shuka. Hukusikia wa tisa? Biashara yako itaoza?" Akaanza kutupa mabegi yake pembeni. Yule mtu akasema ana tikiti, Mama Wendelin akamwambia na yeye ana wajukuu saba, tikiti ipi kubwa? Kisha akanigeukia mimi akaninong'oneza, "Ungeniambia zamani, ningekuwa nimeshakutwangia unga wa uji. Ulifikiri nauliza kwa nini?" Akafungua kanga yake ya juu akanifunga mabegani, kule juu eti kuna baridi.

Sijui anataka nini. Bado namtazama. Lakini kanga nimekuja nayo, na baridi ilikuwepo.

Ya ndege nitakusimulia kwa mdomo. Niseme tu kwamba juu ya ile milima nilitaja watakatifu wote ninaowajua na wengine nikawatunga, na kwamba rubani alikuwa sahihi kukukataza. Hilo nimeliandika, usinirudishie tena.

Sasa nimekaa mbele ya dirisha la yule karani wako. Nilikaa makusudi, nimtazame mpaka aone haya. Akanijia. "Mama, unamsubiri nani?" Nikamwambia mimi ni mama wa Balbina, mke wa Hilari wa stoo ya reli, yule uliyemkalisha barazani. Akashika mdomo. "Yule wa miezi minne?" Akacheka, Balbina, na sijui ilikuwaje, nikacheka na mimi, na nilipokuwa nacheka nilimkumbuka Hilari akichekea dirisha hilohilo. Kumbe mtu anaweza kucheka hapa huku tumbo limekaza. Mwambie mkwe wangu mama mkwe wake amesema hivyo. Ataelewa.

Ameniletea maji. Mwanzoni sikunywa. Sasa nimekunywa.

Nina kitoga, nina unga, nina mafuta ya mikono. Njia siijui, na kila mtu hapa anatembea kama ameibiwa. Usije wewe. Mtume mtu. Na tafadhali, mwanangu, kama unaweza, usizae mpaka nifike.

Mama yako mzazi,
Yosefina


Ilala, 7 Mei 1957

Mama,

Shikamoo. Barua imefika, haijafunguliwa. Panda teksi na huyu mzee, nimeshamwelekeza nyumba, Hilari ameenda kutafuta gari la kutupeleka hospitali na atakukuta hapa. Uchungu umeanza tangu asubuhi. Asubuhi kabisa, Mama, kabla ya adhana, na sasa unakuja karibu karibu. Sikupunguzii hata kidogo.

Harakisha.

Mwanao,
Balbina